Aliyevaa: Hakuna Mtu

Koleta Nangumbi alikuwa na mwandiko mzuri kuliko maisha yake. Katika shamba la mkonge alikozaliwa, huko tambarare upande wa Makanya, ndiye aliyekuwa akiandika vitambulisho vya marobota: daraja la katani, uzito, tarehe. Kisha anavifunga kwa kamba ya katani yenyewe, na robota linaondoka zake kwenda Tanga kupanda meli. Hakuna mtu Ulaya aliyewahi kuuliza nani kaandika. Lakini karani mkuu alikuwa akisema mbele ya watu kwamba robota lenye mkono wa Koleta halirudishwi, na Koleta alijifanya hajasikia huku akitembea kwa maringo siku nzima.

Halafu bei ya katani ikaanguka, mashine ya korona, ile ya kukamulia majani ya mkonge, ikanyamaza, na serikali, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imewaambia wafanyakazi kwamba shamba ni lao, ikawaambia kwamba sasa ni la mwekezaji. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila kitu kilikuwa ruksa: kuuza mitumba, kufungua baa, kuingiza sabuni kutoka Kenya, na kumfukuza mzee aliyekata mkonge tangu ujana wake. Mwekezaji mwenyewe hakuonekana. Walikuja vijana na lori, wakaezua mabati ya nyumba za kambi, wakayapanga vizuri kabisa, wakaondoka nayo. Watu wakabaki ndani ya kuta wanatazama mbingu.

Mmoja wao alikuwa baba yake Koleta, Mzee Sylvester Nangumbi, Mmakonde aliyeletwa kutoka kusini akiwa kijana, manamba wa mkataba, na chale zake uso mzima na meno yake yaliyochongwa. Alianza kwa kukata mkonge, akamalizia kwenye chumba cha brashi, ambako katani hupigwa mpaka ing'ae na vumbi lake humwingia mtu kifuani na kukaa humo. Lilikaa. Sasa akikohoa ilibidi ashike kitu asianguke. Mkewe alikuwa amezikwa makaburi ya kambi, na wenzake wa kusini ama walikuwa wamerudi kwao ama walikuwa wamelala karibu na mkewe. Mvua ya kwanza ilipowakuta hawana paa, alitema damu. Mganga wa zahanati alimtazama, akamvuta Koleta pembeni. "Mzee huyu akilala tena kwenye unyevu," alisema, "usije ukaniuliza."

Kwa hiyo Koleta alikuwa anatafuta kitu kimoja tu duniani, nacho ni bati juu ya kichwa cha baba yake.

Alilipata Same mjini, kwenye nyumba ya zamani ya ushirika, nyuma ya barabara kuu pale mlima unapoanza kupanda. Ushirika ulikuwa umekufa, na nyumba ilikuwa imepangwa na mama mmoja wa Kijapani, mtaalamu wa mambo ya shule, Sumiko kwa jina, ambaye alikuwa na wazo lake kichwani na hakuna aliyeweza kumtenga nalo. Shule za milimani hazikuwa na vitabu. Basi Mama Sumiko alitaka kila shule ipate sanduku la picha, za Upare na za Japani zimechanganywa, ili mtoto wa Ngujini akivuta picha ya jembe aone jembe la bibi yake na jembe la bibi wa kule, ajue kwamba huku na kule watu wanalima. Wenye njaa walilicheka wazo hilo. Lilikuwa wazo zuri hata hivyo.

Kila picha ilifungwa kitambulisho cha karatasi ngumu. Mstari wa kwanza ulitaja kundi: mavazi, vyombo, ibada, vita, au ngoma na michezo, na Mama Sumiko hakutaka kundi jingine hata kwa dawa. Mstari wa pili ulimtaja mtu: aliyelima, aliyepika, aliyevaa. Huo ndio aliousisitiza kuliko yote. Kitu kisicho na mtu wake, alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, mtoto atakipitia kama jiwe la njiani.

Msimamizi wa kazi alikuwa Mwalimu Elirehema, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Ugweno, mzee wa kanisa, anayesubiri kiinua mgongo ambacho kilikuwa njiani tangu siku aliyostaafu na kilikuwa bado njiani. Alikuwa mkali kama walimu wote wa zamani na mwenye haki kama wachache wao. Alipouona mwandiko wa Koleta aliuinua kwenye mwanga.

"Nani alikufundisha?"

"Marobota, Mwalimu."

Akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na papo hapo akampa kazi ya majaribio pamoja na chumba cha uani: saruji chini, bati juu, dirisha lenye wavu. Makubaliano yalikuwa wazi. Mama Sumiko alikuwa Dar es Salaam. Akirudi na kuridhika, kazi ni ya kudumu na chumba ni chao. Asiporidhika, vyote viwili vinarudi.

Koleta alimleta baba yake kwa lori la jasi. Mzee alishuka mweupe kama aliyetoka kwenye mashine ya kusaga, akaingia chumbani, akaupiga ukuta kwa kiganja, akalitazama bati, akakaa chini. Kikohozi kikaanza kupungua. Asubuhi moja aliomba tumbaku, na Koleta akaenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha mpaka kanga ikalowa.

Halafu likafunguliwa sanduku la nyuso.

Zilikuwa picha za vitu ambavyo Wajapani wa zamani walikuwa wakivaa usoni, na mwanzoni zilimpendeza. Kulikuwa na uso wa chuma wenye masharubu, umefunika pua na kidevu, macho ya askari yanaonekana juu yake. Akaandika vita, aliyevaa: askari. Kulikuwa na mama wa nchi ya baridi aliyejifunga kitambaa kichwa kizima, yamebaki macho tu. Mavazi, aliyevaa: mama. Kulikuwa na mtu amesimama barabarani anapiga filimbi, na kichwani amejifunika kikapu mpaka mabegani. Huyo alimsumbua. Akatoka na picha hiyo mpaka kwa akina mama wanaouza tangawizi ya milimani kando ya barabara, na wao walikubaliana kwa sauti kubwa kwamba huyo ni mrina asali aliyechoka kung'atwa na nyuki. Koleta alikuwa tayari kuandika vyombo. Mwalimu Elirehema akasoma maelezo ya nyuma ya picha, akamwambia ni mtawa, anaomba sadaka, na amejifunika ili asijione yeye. Ibada, basi. Aliyevaa: mtawa.

Lakini chini ya sanduku zilikuwamo nyuso za mti. Nyuso kamili. Uso mweupe wa msichana, nyusi zimechorwa juu sana kwenye paji. Uso wa shetani mwenye pembe mbili na macho ya dhahabu. Uso wa mbweha. Uso wa mzee mdomo umepinda upande mmoja kama anapuliza moto. Na hazikuwa zimetundikwa ukutani. Zilikuwa zimesimama, zimevaa majoho mapana, zinacheza. Koleta alizitazama moja moja. Akazigeuza zote, migongo juu, akaweka kitabu juu yake.

Hapa lazima tukae kitako tuelezane, kwa sababu Koleta mwenyewe asingeweza kueleza, na hilo ndilo lililomponza.

Kambini kwao Wamakonde walikuwa na mapiko. Lipiko ni sura ya mtu iliyochongwa kwenye mti mwepesi, imebandikwa nywele za kweli, wakati mwingine imechanjwa chale kama za wazee. Vijana wakitoka jandoni, lipiko linatokea kwenye mistari ya mkonge, mwili wote umefungwa nguo hata kidole hakionekani, linacheza, linakimbiza wanawake. Kwa watu wa rika la Mzee Nangumbi huyo si mtu aliyevaa sura. Ni mfu amekuja kutembea. Mwanamke hatakiwi kujua zaidi ya hapo, na akijua hatakiwi kusema. Sisi tusio na kiapo tunaweza kusema tutakavyo: ndani yumo mwanamume, anatokwa jasho.

Na wanawake wa kambi walijua. Bila shaka walijua. Mtu anaishi na mumewe miaka yote asimjue anavyokanyaga? Siku za mapiko Mzee Nangumbi alikuwa kila mara "amekwenda Makanya dukani", na kila mara alirudi jioni hana hata kiberiti, yuko hoi, na mkewe anampashia maji ya kuoga bila kuuliza duka lilikuwaje. Koleta alijua tangu akiwa mdogo, kwa namna lipiko moja lilivyokuwa likiinamisha bega la kushoto kabla ya kugeuka. Aliliangalia bega lile, akamtazama mama yake, na mama yake akamfinya paja kwa nguvu, akapiga ukelele, akamvuta wakakimbia. Hayo ndiyo mafundisho yote aliyopata. Kazi ya wanawake ilikuwa kukimbia na kupiga kelele, na waliifanya vizuri.

Mwanamke mmoja tu ndiye aliyewahi kusema. Aliitwa Esta. Aligombana na mumewe bombani, mbele ya watu, akamwambia: wewe unayejifanya mfu, nguo zako za ngoma fua mwenyewe. Maneno hayo tu. Mumewe hakumpiga wala hakumjibu. Alifungasha, akapita getini, hakuonekana tena Upare nzima. Koleta aliuona uso wake alipopita, uso wa mtu aliyevuliwa nguo barabarani, na Esta aliishi kambini miaka yote iliyobaki bila mtu wa kumwomba chumvi.

Kwa hiyo kuandika "aliyevaa: mwanamume" chini ya sura ya mti kulikuwa ni kusema. Kusema kwa wino, kwa mwandiko ule ule wa maringo, huku baba yake amelala upande wa pili wa ukuta. Na huyo baba alikuwa amebaki na nini? Shamba halipo, kambi haipo, mke hayupo, kifua hakipo. Alichobaki nacho ni kwamba yeye ni mwanamume anayejua, na binti yake ni mwanamke asiyejua. Koleta alikuwa radhi kufagia barabara ya Same yote kwa mikono kuliko kumnyang'anya hicho.

Akafikiri asubuhi nzima. Kisha akazigeuza picha, akaandika kwa herufi zake zilizosimama wima, moja baada ya nyingine: Ngoma na michezo. Aliyevaa: hakuna mtu.

Mwalimu Elirehema alizikuta Jumatano. Mwanzoni alicheka. Halafu akaendelea kufunua, na kicheko kikaisha.

"Koleta, njoo hapa."

"Naam, Mwalimu."

"Huyu ni nani?" Alikuwa ameshika picha ya uso wa msichana, joho refu, soksi nyeupe zimegawanyika kwenye kidole gumba, mkono umeshika pepeo.

"Ni picha ya ngoma, Mwalimu."

"Ngoma, sawa, ngoma nimekubali. Aliyevaa?"

Koleta akatazama sakafu.

"Umeandika hapa hakuna mtu. Na hapa hakuna mtu. Na huyu mwenye pembe naye hakuna mtu. Haya, hizi soksi zimesimama zenyewe? Mkono huu ulioshika pepeo ni wa nani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mama Sumiko kaandika nyuma, nami nimekusomea juzi: anayecheza ni mwanamume, hata kama sura ni ya mwanamke. Ulikuwa umelala?"

"Sikulala."

"Unaogopa mashetani? Sema tu, mwanangu. Tutaomba hapa hapa, tutamaliza, utaandika."

"Siogopi, Mwalimu."

"Sasa kitu gani?"

Na hapo Koleta alikuwa amefungwa pande zote. Kueleza kwa nini hasemi kulikuwa ndiko kusema kwenyewe. Mwisho akanong'ona: "Nikiandika mzimu, Mwalimu?"

"Mzimu!" Mzee wa kanisa akavua miwani. "Katika sanduku la watoto wa shule? Nikasimame Jumapili mbele ya usharika niseme nimewapelekea watoto mizimu kutoka ng'ambo?" Akaivaa tena, akashusha sauti. "Sikiliza. Mama anashuka Ijumaa. Kazi hii ni shamba langu na lako, hatuna jingine. Kesho alasiri nataka neno moja tu kwenye kila kitambulisho, mwanamume, basi. Kama huwezi, yuko binti mmoja kutoka kijiji cha Kifaru, Doris, kamaliza kidato cha nne, mwandiko wake kama kuku kapita kwenye tope, lakini ataandika anachoambiwa. Na yeye atahitaji pa kulala."

Hilo la mwisho alilisema akitazama dirishani, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

Alhamisi asubuhi Koleta alizunguka Same kutafuta bati jingine. Kwenye nyumba ya wageni walimwambia wana wafagiaji watatu kwa vyumba vinne. Kwa mama ntilie mmoja aliyemfahamu, Jenoveva, alikuta ukumbi umejaa watu waliotoka mashamba mengine yaliyofungwa, wamelala kwa zamu kama wako zahanati. Jenoveva alimshika mkono akasema, "Wewe njoo, dada, tutabanana. Lakini mzee na kifua kile, hapa kwenye moshi wa kuni? Utakuwa umemleta kufa." Kanisani katekista alimpa soda. Koleta aliinywa amesimama, upepo wa Same unampiga vumbi usoni, akajisikia anachukia kila paa analoliona, hata la kanisa.

Akarudi, akakaa mezani, akachukua kitambulisho kipya. Alijiambia kwamba Wajapani si Wamakonde, kwamba wake zao huenda huketi mbele kabisa na kupiga makofi. Alijiambia kwamba baba yake hajui kusoma. Akaandika "mwana", halafu akaitazama picha kuhakikisha, na kwa bahati mbaya mchezaji yule alikuwa ameinamisha bega. Kalamu ikasimama. Akajaribu tena. Alasiri ilipofika meza ilikuwa imejaa vitambulisho vilivyoandikwa "mwana" na vingine havijaandikwa kitu, na picha zote bado zilikuwa zinasema hakuna mtu.

Mwalimu Elirehema hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alitazama meza, akachukua ile picha ya msichana mweupe, akaelekea uani.

"Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Kwa mzee. Mtu hatolewi kwenye nyumba kwa kuletewa habari na mtoto wake. Nitamweleza mwenyewe, na nitamwonyesha sababu."

Koleta akamkimbilia, akamziba njia, akamshika mkono wa shati, kitu ambacho katika akili zake timamu asingekifanya. "Nakuomba, Mwalimu. Usimwonyeshe. Tutaondoka. Tutaondoka sasa hivi, nitambeba, mpe Doris chumba, lakini hiyo picha usimwonyeshe."

"Binti, niachie."

"Nakupigia magoti!"

"Simama, Koleta, watu wanaona." Akamwondoa taratibu, akapita. Ni heshima yake iliyompeleka pale, na sisi tunaojua yaliyofuata tunatamani siku ile angekuwa na adabu ndogo zaidi.

Mzee Nangumbi alikuwa ameketi mlangoni juu ya gunia, anaota jua la mwisho.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Koleta, mletee Mwalimu kiti."

Koleta hakuleta kiti. Alisimama nyuma ya Mwalimu, mikono kifuani, anasikia kila neno. Mwalimu alieleza yote kwa utaratibu: picha, vitambulisho, Mama anayerudi kesho. Akampa mzee picha, na kwa kuwa mzee hasomi akamsomea yeye. "Aliyevaa: hakuna mtu. Zote kaandika hivyo, mzee. Nimemuuliza, hasemi. Asipoandika kilichomo, mimi sina la kufanya."

Mzee aliishika picha mbali na macho kama wazee wanavyoshika. Aliitazama muda mrefu. Koleta aliona pale alipoelewa, kwa sababu kidole gumba kilichokuwa kinatembea pembeni mwa karatasi kilisimama.

"Nani kaandika?"

"Binti yako."

"Zote?"

"Zote."

"Na asipobadilisha mnatutoa."

"Sipendi, mzee. Lakini ndivyo."

Mzee akakohoa, akashika kizingiti, akangoja kifua kitulie. "Koleta."

"Abee, baba."

"Andika mwanamume."

"Baba, hakuna mtu."

"Andika."

"Hakuna mtu humo, baba! Mimi ni mwanamke, mimi sijui kitu, hakuna mtu, hakuna..."

"Yumo," alisema mzee. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya chumvi. "Yumo mwanamume. Mti unamkata hapa," akagusa mfupa wa pua, "na jasho linamwingia machoni, haoni anakokwenda. Mimi nilikuwamo."

Koleta akapiga ukelele. Akaziba masikio, akakimbia, mwanamke mtu mzima, akazunguka tangi la maji mpaka kwenye ua wa minyaa, anapiga kelele kama anafukuzwa. Watu wa barabarani wakaja mbio wakidhani mzee kafariki. Akina mama wa tangawizi wakaacha mizigo. Hakuna aliyeelewa, na hakukuwa na haja. Ukelele ule ndio kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa baba yake wakati ule, akampa chote.

Mwalimu Elirehema alibaki amesimama na mikono mitupu. Alikuwa hajui amegusa nini, ila alijua amekigusa. Akavua kofia. "Samahani, mzee wangu. Sikujua nimekuja kuuliza nini."

"Umeuliza kazi yako," mzee akasema, akamrudishia picha, akaingia ndani.

Jioni ile ile kabla jua halijazama Koleta alinawa uso, akaketi mezani, akaandika mwanamume, mwanamume, mwanamume, herufi zimesimama wima kama kawaida yao, akafunga kila kitambulisho kwa fundo la marobota ambalo halifunguki. Ijumaa Mama Sumiko alishuka kwenye basi la Dar, akafungua sanduku, akapitisha kidole juu ya mwandiko, akafurahi mpaka akapiga makofi madogo. Mwalimu alimwambia huyu ndiye Koleta. Kazi ikawa ya kudumu. Chumba kikawa chao.

Koleta alikwenda na habari hiyo na bakuli la uji. Mzee alikuwa ameketi kitandani, hajagusa hata tumbaku tangu jana.

"Baba, chumba ni chetu. Mama amekubali. Hatutoki tena."

"Vizuri."

"Kunywa uji."

Akalipokea bakuli, akalishika bila kunywa. "Jana ulipiga kelele."

"Niliogopa, baba."

"Uliogopa."

"Ndiyo, baba."

"Kabla ya kupiga kelele ulivuta pumzi," mzee alisema. "Mtu aliyeshtuka kweli hana nafasi ya kuvuta pumzi. Inamtoka tu." Akalizungusha bakuli mikononi. "Mama yako alikuwa akivuta hivyo hivyo. Nilikuwa namsikia. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa."

Koleta alitafuta uongo, na alikuwa na uongo wa kutosha tangu utotoni, lakini alipoufikia akakuta umekwisha jana kwenye ua wa minyaa.

"Alikuwa anajua," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza alipokuona."

"Na wengine? Wake za wenzangu?"

"Wote, baba."

Mzee Nangumbi akaliweka bakuli chini, polepole, asimwage. "Tulikuwa tunaapishwa kwa panga," alisema. "Watoto wa watu tuliwachapa mpaka damu ili wasiseme. Basi tulikuwa tunamficha nani?"

Koleta alitaka kumwambia kwamba mama yake hakukimbia kwa kumcheka, kwamba alikimbia kwa sababu mumewe alitaka akimbiwe, na kwamba kumpenda mtu kambini kulikuwa na sura chache na hiyo ilikuwa mojawapo. Lakini yalikuwa maneno mengi. Mzee akaufunika uso wake kwa viganja vyote viwili, mabega yanamtikisika, na Koleta akageuka, akatazama ukuta mpaka alipomaliza.